Karata za Taroti katika Nasaha za Unyumba

Mazungumzo ya leo ni ya watu wazima, nami nitajitahidi kuyasema kwa lugha ya staha, ijapokuwa mambo yenyewe ni ya chumbani. Kwani wazee wetu waliosema kwamba mficha uchi hazai hawakuwa watu wasio na haya, bali walijua kwamba haya ina mahali pake, na ukimya nao una madhara yake.

Katika miji ya Marekani na Uingereza wako wanasihi wa unyumba, wake kwa waume, walioshika kazi ya kuwasaidia wanandoa, na hata mtu aliye peke yake, wapate kuelewana na miili yao na kuelewana wao kwa wao katika mahaba. Na baadhi ya wanasihi hao, wanapoketi na mtu aliyekuja kutaka msaada, huweka mezani karata za taroti. Msikilizaji wa kwetu akisikia hivyo, aghalabu fikira yake humwendea mpiga ramli na ubao wake wa mchanga, akadhani kwamba watu hao kazi yao ni kubashiri. Wako wanaobashiri, na habari zao nitazifikia. Lakini wako pia wasiobashiri hata kidogo, ambao karata kwao ni picha ya kutazamwa na kusemewa, na hao ndio walionivuta nilizungumze jambo hili leo.

Rai yangu nitaiweka wazi tangu mwanzo. Karata hizi zina manufaa ya kweli katika nasaha za unyumba maadamu zimetumiwa kama mshenga, ambaye kazi yake ni kuyafikisha maneno ambayo wenyewe wanaona haya kuyatamka. Ama zinapokalishwa kitini pa kadhi, zikaulizwa nani mwaminifu na nani mwongo, nani abaki na nani aachwe, hapo hugeuka dhuluma kwa yule asiyekuwapo kujitetea.

Taroti ni karata 78. Hamsini na sita kati yake hazitamshangaza sana mchezaji wa karata wa Lamu au wa Tanga, kwa sababu zimegawanyika katika mafungu manne ambayo majina yake tuliyapokea kutoka kwa Wareno na tungali tunayo, kopa, uru, shupaza na pau; ila katika taroti kopa ni vikombe hasa, uru ni sarafu, shupaza ni panga, na pau ni magongo. Zilizobaki, 22, ndizo turufu, na kila moja ina picha yake na jina lake: Mpumbavu, Kaisari, Wapendanao, Nguvu, Mauti, Shetani, Mnara, Jua na nyinginezo.

Karata za kuchezea ziliingia Ulaya katika karne ya 14 kutoka nchi za Kiislamu, na mpaka leo katika jumba la Topkapi mjini Istanbul zimehifadhiwa karata za zama za Wamamluki wa Misri, zenye vikombe, sarafu, panga, na magongo ya mchezo wa polo. Turufu za picha ziliongezwa katika Italia ya kaskazini. Hati za Florence zinazitaja mwaka 1440, na hesabu za kasri la Ferrara mwaka 1442, na watawala wa Milan, jamaa za Visconti na Sforza, waliagiza za kwao zipakwe rangi na dhahabu. Nao walizitaka kwa mchezo. Kwa zaidi ya miaka 300 taroti ilikuwa mchezo wa barazani, mpaka mwaka 1781, Mfaransa Antoine Court de Gébelin alipoandika kwamba picha zile ni mabaki ya kitabu cha hekima cha Misri ya kale, naye hakuwa na ushahidi wowote, kwa kuwa maandishi ya Misri ya kale hayakuweza kusomeka mpaka msomi Champollion alipoyafumbua mwaka 1822. Miaka minne baada ya Gébelin, Mfaransa mwingine, Jean-Baptiste Alliette, ambaye alijiita Etteilla kwa kuliandika jina lake nyuma mbele, alitoa kitabu cha kuwafundisha watu kubashiri kwa taroti. Na tangu hapo mchezo ukavishwa joho la ghaibu.

Nimeieleza tarehe hii kwa kusudi. Mtu akikuambia kwamba karata yake inajua siri ya ndoa yako kwa sababu imetoka kwa makuhani wa Farao, mjibu kwamba imetoka kwa wacheza karata wa Milan. Na ukishalijua hilo, hutaitetemekea, nawe utaweza kuitumia kwa akili timamu.

Picha zinazotumiwa zaidi leo ni za London, zilizotolewa na kampuni ya Rider mwaka 1909. Aliyetoa maagizo ni Arthur Edward Waite, na aliyezichora ni mwanamke, Pamela Colman Smith, aliyezaliwa London mwaka 1878, akapitisha sehemu ya utoto wake Jamaika, akasomea uchoraji Brooklyn, akaandika na kuchora kitabu cha hadithi za buibui mjanja Anansi alizozisikia kisiwani, tena akafanya kazi katika tamthilia. Ujira aliolipwa ulikuwa mdogo, naye alifariki mwaka 1951 katika mji wa Bude akiwa na madeni, ilhali kazi ya mkono wake imeenea duniani kote. Fadhila yake kubwa ni kwamba hakuzichora turufu peke yake. Karata ndogo, ambazo katika taroti nyingi za kabla yake zilikuwa hesabu tupu ya vikombe au panga, yeye alizitia watu wenye kufanya jambo, kama wachezaji walio jukwaani: mmoja amelala, mmoja analia, mmoja ampa mwenziwe mgongo. Na mtu akimwona mtu mwingine katika hali fulani, hana budi kuuliza moyoni, je, mimi si huyu?

Natutazame sasa kazi yenyewe inavyokwenda. Tuchukue mfano wa mke na mume walioishi pamoja miaka mingi, ambao unyumba wao umepoa, na kila mmoja anadhani kwamba mwenziwe ndiye aliyepoa kwanza. Mnasihi aliye mwangalifu hazichanganyi karata akazifudikiza na kuwaambia wachomoe kwa bahati. Huzitandaza zote mezani, uso juu, kisha humtaka kila mmoja achague, pasipo kushauriana, picha moja inayofanana na hali yake wakati taa inapozimwa. Baada ya hapo huuliza maswali matatu, kwa utaratibu usiobadilika: Unaona nini katika picha hii? Wewe ni nani ndani yake? Na huyo uliye wewe, anataka nini? Anayeulizwa husema mpaka amalize, na mwenziwe hana ruhusa ya kumkatiza wala kumsahihisha.

Tuseme mke amechagua shupaza mbili. Humo yumo mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni, ameketi juu ya kiti cha jiwe na bahari i nyuma yake, mikono ameipishanisha kifuani, na kila mkono umeshika upanga. Mke asema: huyu ni mimi, na panga hizi si za kumpiga mtu, ni za kuzuia; kwa sababu mume wangu akinigusa begani, najua kwamba mguso ule hauwezi kuishia begani, na mimi siku nyingine nataka kuguswa begani tu, basi. Mume naye amechagua kopa nne. Humo yumo kijana aliyeketi chini ya mti, amekunja mikono, mbele yake vikombe vitatu, na kutoka katika wingu umetokeza mkono unaompa kikombe cha nne, naye hautazami. Kila mtu aliyepo angedhani kwamba mume atajiona katika yule kijana aliyenuna. Lakini yeye asema, la, mimi ni ule mkono. Miaka yote hii nanyosha kikombe, wala sijui kama kinaonekana.

Mume na mke hawa hawakuambiwa na karata lolote wasilolijua. Kila mmoja alikuwa nalo moyoni mwake siku nyingi, ila hakuwa na njia ya kulitoa pasina kumlaumu mwenziwe. Kwani aliyesema uso kwa uso, wewe hunipi nafasi, huwa ameshitaki, na aliyeshitakiwa hujitetea, na usiku huo hulala mmoja akitazama mashariki na mwenziwe magharibi. Ama aliyesema, mtu huyu wa kwenye picha ameshika panga, hakumshitaki yeyote. Macho ya wote wawili yako mezani, hayakuelekezwa usoni pa mtu, na neno lililokuwa zito limepata pa kutua.

Mnasihi akishayasikia maneno yale, anajua la kushauri. Mwaka 1970 mabingwa wawili wa mji wa St. Louis katika Marekani, William Masters na Virginia Johnson, walieleza katika kitabu chao njia ambayo mpaka leo ni mhimili wa tiba ya unyumba: mume na mke hujizuia kwa muda na tendo lenyewe, na badala yake hupeana zamu ya kugusana, mguso usiodai kitu baada yake, kila mmoja akiangalia tu anavyohisi. Mke yule aliyetaka kuguswa begani na mguso uishie begani, ameitaja dawa kwa kinywa chake mwenyewe kabla hajaandikiwa.

Wasikilizaji watauliza, kwa nini picha iwe na nguvu hiyo? Elimu ya nafsi imelijua jambo hili kwa muda mrefu. Tabibu wa Uswisi, Hermann Rorschach, alitangaza mwaka 1921 karatasi zake kumi za madoa ya wino, akamtaka mgonjwa aseme anaona nini. Na mwaka 1935 Christiana Morgan na Henry Murray wa Chuo Kikuu cha Harvard walieleza njia yao ya kumwonyesha mtu picha za watu na kumwomba atunge kisa. Wataalamu hubishana kuhusu kiasi gani njia hizi zaweza kupima tabia ya mtu, lakini jambo moja halina shaka, nalo ni kwamba mtu aliyepewa picha yenye mafumbo huijaza kwa yaliyomo ndani yake.

Wala Afrika ya Mashariki haikungoja Uswisi wala Harvard kulijua hilo. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya Tanganyika, alikusanya sanamu nyingi za udongo zilizotumiwa katika unyago na jando, akazitolea kitabu mwaka 1956, na humo twaona jinsi kila sanamu ilivyokuwa na wimbo wake na fumbo lake, na jinsi mwari alivyofundishwa adabu za ndoa, haki za mume na za mke, na mambo ya mwili, kwa kuonyeshwa kitu na kuimbiwa. Mwaka huo huo mwanaanthropolojia Audrey Richards alitoa kitabu juu ya chisungu, unyago wa Wabemba aliouona mwaka 1931 katika nchi ambayo leo ni Zambia, na humo mna habari za mbusa, vyombo vya udongo na michoro ambavyo mwanamwali hufunuliwa maana yake. Kungwi na nyakanga walijua kwamba yapo maneno yasiyoweza kutoka kinywa kitupu; yanataka kitu cha kushika, na wimbo wa kuyasitiri. Iko tofauti, nayo ni kubwa: sanamu ya unyago ina maana iliyokwisha kuwekwa na wazee, na mwari hana budi kuipokea, ilhali karata ya mnasihi haina maana mpaka mwenye kuitazama aseme. Moja yafundisha, nyingine yauliza. Lakini zote mbili zimetambua udhaifu ule ule wa ulimi wa mwanadamu.

Basi karata ina mpaka wapi? Mwanasaikolojia Jack Annon, aliyefanya kazi Hawaii, aliandika mwaka 1976 juu ya ngazi ya madaraja manne ambayo wanasihi wengi wa unyumba wanaifuata. Daraja la kwanza ni ruhusa, yaani mtu aambiwe kwamba analolifikiri au kulihisi laweza kusemwa. La pili ni maarifa kidogo, kumwondolea ujinga. La tatu ni mashauri mahsusi yanayomfaa yeye. Na la nne ni tiba ya kina, kazi ya mtaalamu aliyehitimu. Annon alieleza kwamba watu wengi hupata nafuu katika madaraja ya chini, na si wote wanaohitaji kupanda mpaka juu. Kwa kipimo hiki naona bayana mahali pa karata: ni daraja la kwanza, la ruhusa, wala si zaidi. Maarifa ya mwili hayamo katika karata. Mwanamume ambaye nguvu zake zimepungua asitandaziwe picha akaachwa hivyo, bali apelekwe kwa daktari, kwani kupungua huko mara nyingine ni dalili ya kisukari au ya maradhi ya moyo na mishipa ya damu. Na mwanamke anayepata maumivu katika tendo la ndoa anastahiki kupimwa, asiambiwe kwamba Mnara umetokea na kwa hiyo nyumba yake ina misukosuko. Aliyewahi kudhulumiwa mwili wake utotoni au ukubwani anahitaji tabibu wa nafsi aliyesomea kazi hiyo. Na hadhari hapa yatakiwa zaidi kwa sababu katika sehemu nyingi za Marekani yenyewe cheo cha unasihi wa namna hii hakilindwi na sheria, tofauti na cha tabibu mwenye leseni; mtu yeyote aweza kubandika kibao mlangoni akaanza kupokea watu.

Sasa niwafikie wale wanaobashiri. Mwanamke huenda kwao na swali moja linalomchoma, mume wangu ana mwingine? Karata zachomolewa, na kwa kuwa kila karata yaweza kufasiriwa kwa mapana, jibu hupatikana daima. Kwa nini jibu hilo humwingia? Mwaka 1948 mwalimu wa saikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, akawaomba wayape alama kwa usahihi, kuanzia sufuri hadi tano. Wastani ukawa zaidi ya nne, ilhali wote walikuwa wamepewa karatasi yenye maneno yale yale. Ndivyo tulivyo wanadamu: tukiambiwa jambo la jumla kwa sauti ya yakini, sisi wenyewe hulikata likatuenea. Katika mambo ya biashara au safari, udhaifu huo waweza kumpotezea mtu fedha; katika unyumba humpotezea amani, kwa kuwa mume aliyeshitakiwa na karata hana shahidi wa kumleta wala hati ya kuonyesha, na mke aliyeamini hawezi tena kukisikia anachoambiwa na mwenziwe. Yule mpiga ramli amechukua fedha, na nyuma yake ameacha nyumba mbili zisizoaminiana chini ya paa moja.

Dini nazo zimesema. Katika Surat al-Maida, aya ya 90, kupiga bao kwa mishale kumetajwa pamoja na ulevi na kamari miongoni mwa mambo ya kujiepusha nayo, na katekisimu ya Kanisa Katoliki katika fungu la 2116 yakataa kila namna ya kubashiri. Mimi nawaheshimu walioshika mpaka huo, nami nasema kwamba aliyeona shubuha hata katika kuzitazama tu picha hizi, azihame kwa moyo mkunjufu, wala hatapungukiwa na kitu. Kwani nguvu haimo katika taroti. Picha zilizokatwa magazetini zitafaa, picha za mpiga picha zitafaa, na mwanamke wa pwani, ambaye tangu zamani ameweza kumwambia mumewe neno zito kwa kujifunga kanga yenye jina alilolichagua, hahitaji kufundishwa njia hii na mtu wa London.

Kwa yule atakayezitumia, au atakayemwendea mnasihi anayezitumia, mambo matatu asiyaachilie. Kwanza, maana itoke kwa mwenye kutazama. Mnasihi akianza kusema karata hii inakuambia, mtu na ainuke aende zake. Pili, pawe na hiari kamili: yeyote aweze kuirudisha karata mezani na kusema hili silisemi leo, bila ya kuulizwa sababu, kwa maana mazungumzo ya mahaba yasiyo na ridhaa hayatazaa mahaba yenye ridhaa. Na tatu, pakiwa na hofu ndani ya nyumba, mmoja akimwogopa mwenziwe kwa mkono wake au kwa ulimi wake, wasiwekwe mezani pamoja. Kwani maneno atakayoyatoa aliyeonewa mbele ya picha, atayalipia wakirudi nyumbani, na mnasihi aliyemtaka ayaseme hatakuwapo kumkinga.

Mimi nayatilia moyo mambo haya kwa sababu naona ndoa nyingi za watu wema, waaminifu, wenye kupendana, zikidhoofika kwa kukosa sentensi moja. Hakuna aliyekosa, hakuna aliyefanya khiyana. Ila mmoja ana haja asiyoweza kuitaja, na mwingine ana hofu asiyoweza kuikiri, na miaka yapita. Masheikh na mapadri wanaofungisha ndoa, makungwi na masomo wanaowafunda maharusi, madaktari na wauguzi wanaokutana na wagonjwa, wote hawa huwaambia watu mengi ya kufanya chumbani na ya kutofanya, na mafunzo hayo yana faida. Lakini ni wachache wanaomtayarishia mtu njia ya kusema lake mwenyewe na kusikilizwa mpaka mwisho. Hilo ndilo wanalolifanya wanasihi hawa wanapoitumia karata kwa insafu, na hilo ndilo ningependa tulichukue kwao, hata kama karata zenyewe tutaziacha huko huko zilikotoka. Maswali yale matatu hayana leseni wala bei: unaona nini, wewe ni nani ndani yake, unataka nini. Aliye na mwenzi na amwulize, kisha anyamaze, amwache ajibu.